Pilipili ya jirani: tutoe tunda ao tutoe mbegu?



Katika vitabu vidogo kama hiki, watu wanapenda kuandika juu ya mambo makubwa ya desturi: mahari, kilio, majina ya watoto, heshima ya wazee. Mambo hayo yako na fasi yake na hatuyazarau. Lakini desturi haikai tu mu sherehe. Inakaa pia nyuma ya jiko, pale wanapomwanga maji ya kuosha vyombo, pale muti wa pilipili unapoota. Ndiyo maana mara hii tumechagua kuongea juu ya pilipili, na juu ya ulizo moja lenye linaonekana dogo lakini lilitugawanya tulipolizungumza kati yetu: jirani akija kukuomba pilipili, inafaa umupe tunda ao umupe mbegu?

Wengine watacheka. Watasema: pilipili ni nini? Wacheke kwanza, kisha wasome.

Desturi ilikuwa namna gani

Kwetu huku Kivu, kuna vitu vinavyoombwa na vitu visivyoombwa. Mutu haombi nguo ya jirani, haombi kitanda chake. Lakini moto unaombwa, maji yanaombwa, chumvi inaombwa, na pilipili inaombwa. Chumvi, kwa kuwa ilinunuliwa, mutu anaiomba na haya kidogo, na akinunua yake atakumbuka kurudisha. Pilipili haikununuliwa. Mutoto anatumwa tu: «Enda kwa Mama Bahati, umuambie mama ananituma, kama uko na pilipili.» Na Mama Bahati anajibu bila kutoka mu nyumba: «Chuma, mutoto wangu, lakini usivunje matawi.» Mambo yanaishia pale. Hakuna mwenye anahesabu.

Sababu ya desturi hii si ngumu kuelewa. Bugali na sombe bila pilipili ni chakula, lakini ni chakula chenye kimekosa sauti. Na muti mumoja wa ile pilipili ndogo yenye matunda yanayosimama, ile tunayoita pilipili ya ndege, unaweza kuzaa mamia ya matunda. Nyumba moja haiwezi kuyamaliza. Kumunyima jirani kitu kinachooza juu ya muti ni uchoyo usio na faida.

Lakini leo mambo yamegeuka. Mu makartie mengi ya Bukavu, parseli moja imegawanywa kwa watu wane, watano. Fasi kulikuwa bustani sasa kuko nyumba ya kupangisha. Wengine wamejenga ukuta, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Mutoto hawezi tena kuingia kuchuma. Na pilipili iliyokuwa inaombwa, sasa inauzwa kwa mafungu, sokoni Kadutu na kando ya kila njia. Mwenye iko na muti mumoja mulangoni anaweza kupata franka kidogo kila siku. Basi jirani akiomba, anaomba nini? Anaomba kiungo cha muchuzi, ao anaomba feza? Na akiomba mbegu, hataki kukunyanganya wateja wako wa kesho?

Pilipili haikutoka kwa babu zetu

Mbele ya kujibu, inafaa kuondoa uongo mumoja wenye tunausema bila kujua. Tunasema pilipili ni chakula cha asili cha Mwafrika. Si kweli, ao tuseme ni kweli ya nusu.

Pilipili kali ilianza kulimwa Amerika, na Wahindi wa kule, mu Mexico na inchi za Amerika ya Kusini, maelfu ya miaka mbele Wazungu wafike. Christophe Colomb alivuka bahari mwaka wa 1492. Mureno Diogo Cão alifika kwenye mudomo wa muto Congo kunako 1482, miaka kumi mbele ya safari ile. Maana yake, siku Wareno wa kwanza walipoonana na watu wa Kongo, hakuna hata mumoja kati yao, mweupe wala mweusi, aliyekuwa amekwisha kuonja pilipili. Babu zetu walikuwa na viungo vingine vikali vya pori la Afrika. Pilipili ilifika nyuma, katika karne ya 16, kwa merikebu za Wareno, merikebu zilezile zilizochukua watu wetu utumwani. Kisha ilitembea kutoka kijiji kwa kijiji, mukononi mwa watu na tumboni mwa ndege, mpaka kila kabila likasema: hii ni yetu.

Hata jina lake ni mugeni. Neno pilipili lina asili yake Asia, kwenye jina la zamani la pilipili manga, ile nyeusi ya mviringo. Neno likapita kwa wafanyabiashara wa bahari ya Hindi, likaingia mu Kiswahili, na leo Mukongomani akisema Kifaransa hasemi «piment», anasema pili-pili, na kila mutu anaelewa.

Kwa nini tunakumbusha mambo hayo? Si kwa kuharibu sifa ya chakula chetu. Ni kwa kuonyesha kwamba hakuna kati yetu mwenye anaweza kusema: pilipili ni mali ya baba yangu. Kila muti wenye kuota leo mu Congo ulitoka mu mbegu yenye mutu fulani alimupa mutu fulani, ao yenye ndege aliangusha. Watu wale hatujui majina yao. Walitoa mbegu, tena walimupa mugeni, mutu wa luga ingine. Kama kila mumoja wao angetoa tunda tu, pilipili ingeishia palepale pwani.

Mbegu inaomba nini

Kuna watu wanafikiri kutoa mbegu ni kazi rahisi: unatupa tunda bovu na kusema «enda ukapande». Mwenye alishapanda anajua si hivyo. Tueleze kidogo, kwa faida ya vijana.

Mbegu nzuri inatoka kwa tunda lililoiva kabisa juu ya muti, jekundu ao la manjano kufuatana na aina yake, mpaka linaanza kukunjamana. Tunda la kijani linakuwa na mbegu zisizokomaa. Chagua muti wenye nguvu, wenye kuzaa sana na usio na ugonjwa. Pakaa mafuta kwenye mikono, pasua kwa kisu, toa mbegu, na usiguse macho. Watu wanasema ukali unakaa mu mbegu, si sawa. Unakaa zaidi mu ile nyama nyeupe yenye kushika mbegu ndani, na mbegu inawasha kwa sababu imegusana nayo. Zianike kivulini juu ya kartasi ao sahani, karibu juma moja, wala si juu ya bati lenye jua kali. Kisha zifunge mu kitambaa kikavu. Zikichungwa vizuri, zinaweza kuota hata nyuma ya miaka miwili ao mitatu, lakini kila mwaka zinapunguka nguvu.

Kwa kupanda, kopo la zamani linatosha. Toboa chini ili maji yatoke. Weka udongo mwepesi, uchanganye na mboleo ya mbuzi iliyokauka na kuzeeka. Mbegu isishuke hata santimetre moja ndani ya udongo. Nyunyiza maji kwa vidole, usimwange. Sasa ngoja. Pilipili inapenda joto, digri 25 mpaka 30, na ikipata joto hilo inatoka mu juma moja mpaka tatu. Huko Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, joto liko la kutosha. Huku Bukavu tuko karibu metre 1500 juu, usiku ni baridi, mbegu inachelewa. Ndiyo maana wamama wengine wanaweka kopo jikoni karibu na mbabula, si karibu sana, ili lipate joto la usiku.

Mimea ikitoka, adui wa kwanza ni mapendo ya kupita kiasi: mutu anamwanga maji asubui, muchana na mangaribi, na shina linaoza pale chini, muche unaanguka sawa vile umekatwa na makasi. Ikiwa na majani mane mpaka sita ya kweli, ihamishe mangaribi, uache nusu ya metre kati ya muti na muti, uifunike na majani ya ndizi siku chache juu ya jua. Angalia chini ya majani: vidudu vidogo vyenye kunyonya maji ya jani vinaleta pia magonjwa, na jani linajikunja. Maji ya sabuni kidogo yanasaidia. Nyuma ya miezi tatu ao mine, ao zaidi kwenye baridi, unaona tunda la kwanza. Na kwa sababu kwetu hakuna majira ya barafu, muti uleule unaweza kuishi miaka kazaa.

Tumeeleza yote hayo ili ionekane kwamba mbegu si kitu cha bule. Ndani yake kuko uchaguzi wa muti, uvumilivu, na akili. Tena kuko neno la ukweli: kama ulipanda pilipili ya ndege karibu na ile kubwa yenye kukunjamana na harufu nzuri, wadudu wanaweza kuchanganya maua, na mutoto asifanane na mama. Mwenye kutoa mbegu inafaa aseme: «Ilikuwa karibu na ingine, sijui itatoka namna gani.» Kutoa mbegu ni kutoa pia ushuhuda.

Maneno matatu tuliyoyasikia

Tulipolizungumza ulizo letu, tulisikia maneno ya namna tatu.

Muzee mumoja alisema: mbegu hainyimwi. Mwenye kunyima mbegu anataka kuwa Mungu wa jirani yake, amulishe siku akipenda na amufungie siku akikasirika. Kwake mambo yaliishia pale.

Mama mumoja, mujane, mwenye kuuza pilipili kwa mafungu, alimujibu kwa heshima: «Baba, maneno yako ni mazuri, lakini wewe hauuzi pilipili. Mimi nalipia mutoto wa sekondari na mafungu haya. Nikimupa kila jirani mbegu, nyuma ya miezi mine nitamuuzia nani?» Watu walinyamaza. Hakuna aliyesema mama huyo ni muchoyo, kwa sababu hakuwa muchoyo. Akiombwa tunda anatoa, na siku ingine anaongeza.

Kijana mumoja akasema ya tatu: mbegu iuzwe. Kama mbegu iko na kazi ndani yake, kazi ilipwe. Kwa nini mukulima peke yake njo anatakiwa kutoa bule, wakati daktari, fundi na mwalimu wanaomba malipo?

Kila neno kati ya haya matatu liko na ukweli. Kwa hiyo hatutajibu kwa kuchagua moja na kutupa mengine.

Tunda linafunga, mbegu inafungua

Tuangalie kwanza tunda. Mutu akikupa tunda, unakula leo na kesho unarudi. Kurudi huko si kubaya kila mara. Tunajua bibi mumoja mwenye anaishi peke yake. Anatoa matunda kila siku, lakini mbegu hapana. Mbele tulifikiri ni ukaidi wa uzee. Kisha tukaelewa: watoto wanaokuja kuomba pilipili njo wanaomuletea habari za kartie, njo wanaomuchotea maji, njo wangejua wa kwanza kama ameanguka. Siku kila nyumba itakuwa na muti wake, nani atapiga hodi kwake? Tunda linafunga watu pamoja, na mutu mwenye kuwa peke yake anahitaji kamba hiyo.

Lakini kamba inayofunga mukono wa rafiki inaweza pia kufunga shingo la mutumwa. Mwenye kuomba kila siku, siku moja ataambiwa neno. «Tena ninyi?» Neno hilo moja linatosha. Ataanza kuangalia sura ya mwenye kutoa mbele ya kuomba, atacheka na asivyopenda, atanyamaza pale inafaa aseme. Huo si ujirani tena, ni utawala mudogo wa jikoni. Mbegu inavunja utawala huo. Inamuambia jirani: wewe pia unaweza kuwa na muti, wewe pia unaweza kuombwa.

Miaka hii ya vita imetufundisha jambo hilo kwa uchungu. Tangu 1996 jamaa nyingi za Kivu zimekimbia, zikarudi, zikakimbia tena. Mwaka wa 2025, Goma ilianguka Januari na Bukavu ikafuata Februari, na nyumba nyingi zikapokea wageni, ndugu na wasio ndugu. Mugeni anapewa chakula, na hiyo ni desturi nzuri. Lakini mwenye anapewa kila siku anabaki mugeni kila siku. Anaogopa hata kuomba chumvi. Ukimupa mbegu kumi mu kipande cha kitambaa, umemuambia maneno mawili: kama utabaki hapa, utavuna, na kama utarudi kwenu, hii haina uzito, uibebe. Tunda litaoza njiani. Mbegu itafika.

Mutu mumoja akatukataza hapo, na alikuwa na haki: kumupa mbegu mutu asiye na udongo ni kumucheka. Tunakubali. Ndiyo maana mbegu peke yake haitoshi. Inafaa kumupa na fasi. Na uzuri wa pilipili ni kwamba fasi yake ni ndogo: bido la zamani la litre kumi, likatwe juu, litobolewe chini, likae mulangoni penye jua, linatosha kwa muti mumoja. Mwenye nyumba akikataza hata bido moja mulangoni mwa mugeni wake, basi hakumupokea, alimuweka tu.

Ndege na panya

Wazee wetu waliita pilipili ya ndege kwa jina hilo kwa sababu waliona ndege wanaila. Elimu imeeleza sababu yake. Kile kitu kinachotuwasha kinagusa mishipa yetu ya kusikia moto; ndiyo maana ulimi unasema «naungua» hata kama chakula ni baridi. Ndege hasikii moto huo. Anameza tunda, mbegu inapita tumboni mwake nzima, inaanguka mbali pamoja na mavi yenye kuwa mboleo, inaota. Panya na wanyama wengine wenye meno ya kusaga wanasikia moto, wanakimbia. Mwaka wa 2001, watafiti Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha jambo hilo kwa pilipili za pori: mbegu zilizopita kwa ndege ziliota, lakini zilizoliwa na panya, ziliposagwa na meno, hazikuota hata moja.

Basi tunaweza kusema muti wenyewe unachagua. Unamukatalia mwenye kusaga mbegu, na unamufungulia mwenye kuibeba mbele.

Tusipeleke mufano huu mbali sana. Ndege hana mutoto wa sekondari wa kulipia, na panya hakufanya zambi. Lakini mutu amesimama kati ya wawili hao. Yeye anasikia moto kama panya na anakula hata hivyo. Anasaga pilipili na mbegu zake kwenye jiwe. Na palepale anaweza kuweka matunda mawili kando, yaive, ayakaushe, amupe mwingine. Hakuna munyama mwingine mwenye kusaga na kubakisha kwa kutaka mwenyewe. Basi mutu akisaga yote, hata tunda la mwisho la muti wake, hakukosa akili tu. Amekataa kazi ambayo ndege anaifanya bila kujua.

Mbegu ya dukani

Inafaa tuseme neno pia juu ya mbegu za pakiti. Hatuzikatai. Zingine zinazaa sana na zinashinda magonjwa. Lakini zile zenye kuandikwa F1 ni watoto wa wazazi wawili tofauti waliochanganywa kwa makusudi. Ukiweka mbegu ya tunda lake, mimea ya pili haitafanana yote na ile ya kwanza. Utapata mirefu na mifupi, mikali na isiyo mikali. Maana yake, mwaka kwa mwaka unarudi dukani. Ni biashara halali, na mwenye kununua anajua anachonunua. Lakini mbegu hiyo haiwezi kupita kwa jirani sawasawa na ile ya zamani. Kama sisi wote tutaacha pilipili zetu na kubaki na za pakiti tu, desturi ya kutoa mbegu haitakufa kwa uchoyo. Itakufa kwa sababu hakuna kitu cha kutoa.

Deni lisilorudi nyuma

Sasa tujibu. Jibu letu ni hili: leo toa tunda, na kwa kesho toa mbegu. Mwenye sufuria yake iko juu ya moto hawezi kungoja miezi mine. Umupe tunda na usimupe masomo. Lakini yule mwenye anarudi kila juma, siku moja umuite, umuonyeshe tunda lililoiva, na umufundishe namna ya kulikausha. Kutoa mbegu bila kufundisha ni kutoa nusu.

Kwa mama mujane, tunasema: hana zambi. Mwenye anaishi kwa mafungu ya pilipili haombwi kama mwenye muti wa kula tu. Wengi kati yetu tuko na miti ya kula. Mbegu itoke kwetu, isitoke kwake. Na tena tunaongeza: ukiwa na franka mufukoni, usimuombe huyo mama tunda la bule kwa jina la desturi. Desturi iliwekwa kwa kumusaidia mwenye kukosa, haikuwekwa kwa kumunyanganya mwenye kutafuta. Mununulie.

Kwa kijana, tunasema: kazi ya mbegu ilipwe, ndiyo, lakini kuna malipo ya namna mbili. Mwenye kuotesha miche mia na kuiuza amefanya kazi ya ufundi, alipwe feza. Lakini mbegu tano zenye ulizipata bule kwa mama yako, yeye pia alizipata bule. Ukimuuzia jirani, umemulipisha kitu ambacho wewe hukulipa. Deni la mbegu haliwezi kurudi kwa mwenye kukupa. Mara nyingi amekufa, ao yuko mbali, ao haujui jina lake. Linalipwa mbele tu, kwa mutu wa tatu. Hivyo njo pilipili ilivyotoka pwani mpaka Kivu.

Na kwa yule bibi mwenye kuogopa kubaki peke yake, neno letu halimuendei yeye, linamuendea mwenye kupokea. Ukipata muti wako, usikate njia. Enda umusalimie na mikono mitupu kama ulivyokuwa unaenda, ao umupelekee tunda la kwanza la muti uliotoka kwake. Kama kujitegemea kwako kunaua salamu, basi ulikuwa unapenda pilipili, haukupenda mutu.

Waswahili wa pwani wako na mezali: pilipili usiyoila yakuwashiani? Wanamuambia hivyo mutu mwenye kuingilia mambo yasiyo yake. Ni mezali nzuri kwa kufunga mudomo wa musengenyaji. Lakini wengine wanaitumia kwa kufunga pia mulango: shida ya jirani si yangu, njaa ya mugeni haiko mu sahani yangu. Hapo tunakataa. Pilipili yenye jirani amekosa inapashwa kutuwasha kidogo, hata kama hatukuila.

Tunamwomba kila musomaji wa kitabu hiki afanye jambo moja mbele mvua za Septemba zianze. Achague matunda mawili mazuri kwenye muti wake, ayaache mpaka yakunjamane, akaushe mbegu zake kivulini, azifunge mu vitambaa viwili. Kimoja akichunge. Cha pili amutafutie mwenyewe.